Chati ya Mkojo, Wodi ya Nane

Saa tisa usiku, Bwana Prosser.
Mvua ya Swansea inakuna dirisha kwa kucha
na mimi nimeinama kando ya kitanda chako
nausoma mfuko wa plastiki kama barua ya nyumbani:
mililita nne tangu saa sita.
Rangi ya mkandaa uliosahauliwa jikoni.

Siku mbili ulilala juu ya vigae,
mguu umekunjika chini yako,
redio ikijisemea peke yake,
hadi mwanamke wa posta alipoona
barua za juzi zingali zimebanwa mlangoni.
Msuli uliopondeka ukamwaga taka zake kwenye damu,
damu ikazipeleka inakopeleka kila kitu,
na figo zako mbili, pole, zisizojua kusema hapana,
zikasongwa.

Ungedhani hapo ndipo palipoishia.
Hapo ndipo palipopigwa yowe.
Chembe zilizokuwa zikifa ziliita kwa kemikali,
seli nyeupe zikasikia.
Nyutrofili kwanza, vijana wa mtaa,
hawaulizi moto uko wapi wala umewashwa na nani,
wanakuja na ndoo, na mashoka,
wanavunja mlango uliokuwa wazi,
wanakata nguzo wapate pa kupita.
Ulikuwa moto wa chumba kimoja.
Waliokuja kuuzima ndio walioezua paa.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilifundishwa,
nikadhani ni methali ya chawa, na ya ndugu.
Lakini hata hiyo haitoshi:
hawa hawakuja kula.
Walikuja kusaidia. Ndiyo inayoniuma.

Jana, kabla homa haijapanda, uliniambia
umetengeneza mabasi miaka thelathini na mmoja,
na kwamba fundi wa kuogopwa si mvivu,
ni yule asiyejua aache lini.
Ukauliza kama hatuna dawa ya kuwafukuza.
Nilikujibu kwa kukuwekea mto vizuri.
Tukiwafukuza wote, nani atafagia?

Nyuma ya chati nimeandika hivi,
mizani nikiihesabu kwa vidole,
Daktari Anwen asione:

    Mzima moto hodari, pia ni mbomoaji,
    Hana hila hana shari, bali shoka halingoji,
    Akisha kuvunja dari, huomba kopo la maji,
    Kesho rudi kwa hiari, uwe sasa mjengaji.

Kwa kuwa wako wanaokuja baadaye.
Makrofaji, wazito, polepole,
nao huingia na hasira ya wenzao.
Kisha wanaanza kuwameza nyutrofili waliokufa,
mmoja mmoja,
na katika kuzika huko tabia inawageuka:
mkono uliokuwa ukipiga unakanda udongo.
Kati yao husimama wachache, seli za T za suluhu,
hawabebi ndoo, hawabebi jembe,
kazi yao ni kusema: basi.
Wakati mwingine husikilizwa.

Wakati mwingine hapana. Nimewaona pia wale
waliokarabati bila kujua kuacha,
wakapiga plasta hadi madirishani,
figo ikabaki kovu lenye umbo la figo,
na mtu akawa wa mashine, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
akifahamu jina la kila dereva wa ambulensi.

Sijui ninyi wawili, wewe na hao waliomo,
mko upande gani usiku huu.
Mashine inazungusha damu yako karibu na goti langu,
ina joto, inanguruma kama basi lililoegeshwa
ambalo dereva wake ameingia dukani mara moja.

Saa kumi na moja. Shakwe juu ya maegesho.
Nainama tena.
Mililita tisa.
Sijawahi kufikiri ningefurahia mkojo wa mzee wa watu
kiasi cha kuiandika namba ile mara mbili,
nikaifuta moja.

Ukiamka utaniomba chai.
Nusu kikombe, Bwana Prosser. Usinibembeleze.